Kodi ni Neno Moja

Bwana Rwechungura, daftari ni hili.
Jalada limelowa mafuta ya sato, usiniulize:
meza yangu ni moja, hapo tunakula, hapo wanasoma,
hapo nilikesha jana nikijumlisha.

Jina: Nkwimba binti Malebeto.
Makazi: Bwiru, juu ya mawe, ngazi tisini na nne
kutoka bombani. Nimezihesabu na wageni sita,
kila mmoja kwa kigugumizi chake.
Shughuli:
hapo kalamu ilisimama.
Nalaza watu. Nalisha watu.
Nasahihisha "mimi ni na njaa."

Mapato ni rahisi. Chuo hulipa kila Ijumaa,
simu inalia mara moja, basi.
Matumizi ndiyo yanayochopoka
kama dagaa kwenye karai lenye tundu.
Mkaa. Chandarua. Sukari, na sukari tena.
Umeme, maana Joonas hunyoa ndevu kwa mashine
na huchaji vitu nisivyovijua majina.
Dumu la maji alilolimwaga Mi-rae
ngazi ya themanini, akaketi akalia,
nikamfundisha palepale kwamba pole
si samahani, wala si kosa langu,
ni bega tu.
Dumu nimeliandika.
Bega sikuona safu yake.

Ulisema iko nafuu
kwa anayepangisha chumba cha nyumba yake,
mapato yakiwa chini ya mstari.
Nafuu! Mimi neno hilo nalijua la wodini.
Baba Sayi alipata nafuu Jumanne,
Alhamisi tukamzika.
Usishangae nikilitazama kwa jicho la pembeni.

Fomu yauliza: sehemu gani ya nyumba ni ya biashara?
Chumba cha Sayi nimekipima, hatua tatu kwa nne.
Lakini wageni hawakai chumbani.
Wako jikoni wanauliza jina la mwiko,
jina la ukoko,
jina la moshi ukishaingia machoni.
Andika nyumba nzima, au usiandike kitu.

Na jana Joonas aliisoma fomu yako kwa sauti,
kidole juu ya kila neno, kisha akakodoa:
"Mama, kodi ninayokulipa wewe
na kodi unayoilipa serikali,
ni neno moja?"
Ni moja.
"Kwa hiyo serikali ni mwenye nyumba?"
Nikamwambia kula, ugali unapoa.
Ila usingizi haukuja.
Maana kama ni hivyo, Bwana Rwechungura,
mimi nami ni mpangaji,
na paa langu linavuja upande wa ziwa.

Hukujibu. Ulibonyeza mashine yako,
ukafunua, ukabonyeza,
ukaniambia bila kuinua uso:
"Mama, uko chini ya mstari. Hudaiwi."

Nilikuwa nimekunja noti kwenye pindo la kanga,
tayari, kama mtu aliyekuja harusini na zawadi
akaambiwa harusi ilikuwa jana.
Nikaomba muhuri hata hivyo.
Ukagonga. Ahsante.

Nikapanda ngazi zangu kwa vituo.
Jirani Kwandu akaniita mwadila, nikaitika nikihema.
Mi-rae alikuwa ya mwisho kule juu,
dumu kichwani, mkono mmoja tu umelishika,
akaniuliza:
"Mama, umepata nafuu?"

Sentensi nzima.
Sikuwa na cha kusahihisha.