Kizimba Namba Saba

Kunguru hafugiki, husema watu.
Mimi nimefuga mmoja, hiki kipupwe cha tatu,
nyuma ya bweni la wauguzi, Upanga.

Saa kumi na moja alfajiri natoka:
baiskeli, ndoo ya utumbo wa Vingunguti,
dumu la maji, glavu moja ya ngozi
(mwenzake aliibwa Feri, sijui mwizi ana mkono gani).
Vizimba kumi na vinne, njia ni ileile.
Feri penye magamba. Upanga. Jangwani kwenye tope.
Makaburini Kinondoni, ambako mlinzi Shomvi
hunisalimia kwa mkono wa kushoto,
wa kulia umeficha kikombe.
Nikifika Msasani jua limeshanikalia mgongoni.

Kipupwe ndio msimu wangu.
Utumbo hukaa siku mbili bila funza,
na njaa ya ndege huamka mapema kuliko ya watu.

Mtego wenyewe hauna hila.
Paani pana uwazi mwembamba:
kuingia ni kukunja mbawa na kudondoka,
kutoka ni kukunjua,
na aliyekunjua hapiti.

Yaliyobaki ni kidole gumba na shingo.
Sielezi zaidi.
Nyumbani kuku wa sikukuu huchinjwa na jirani;
Mwajabu hajasema kwa nini, nami sijamuuliza.

Nalipwa kwa miguu.
Bi Ndeshi huimwaga kwenye sinia la bati,
huhesabu kwa ncha ya kalamu, hugawa kwa mbili.
Siku moja ikatoka witiri.
Tukatazamana.
Akaandika: na nusu.

Wananijua.
Nimevaa pama, nimevaa balaghashia,
nimevaa helmeti ya bodaboda kwa miguu, watoto wakacheka.
Wananijua kwa mwendo.
Kutoka nguzo hadi nguzo ya umeme wanalipokezana jina langu,
na mimi mwenyewe sijui wameniita nani.

Lakini kunguru haingii nyumba tupu.
Kila kizimba lazima abaki mmoja,
ale, anywe, apige kelele za mwenye nafasi,
wenzake waone kwamba kuna maisha humu.
Zamani nilimwacha aliye mnene.
Huyu wa saba nilimwacha kwa sababu nilikuwa nimechoka,
kidole kilikuwa kinauma.
Hivyo tu. Miaka mitatu, kwa sababu ya kidole.

Jumanne nikakuta mlango wazi.
Waya umekatwa kwa koleo, ncha zimekunjwa ndani
zisimchome mtu. Mkono wa anayejua kufunga vidonda.
Kwenye bweni, pazia moja la ghorofa ya pili
lilitikisika, na hapakuwa na upepo.

Wameondoka wote. Manyoya, mavi, maji yaliyomwagika.
Yeye yupo, juu ya kijiti chake,
anajichokonoa chini ya bawa
kama mwenye nyumba aliyeamka wageni wakiwa wameshaaga.

Nikasimama mlangoni.
Kisha nikajisogeza pembeni, nimpishe.
Hata kofia nilivua, sijui kwa nini.

Akanitazama kwa jicho moja, akageuza, kwa la pili.
Akalia: kaa.
Kwa lugha yao pengine ni tusi, au ni njaa.
Kwa yangu ni neno ninaloambia wageni.
Kaa, akasema. Kaa.
Nikageuza ndoo, utumbo ukamwagika,
nikakaa.

Muda gani, siwezi kusema.
Muadhini wa adhuhuri alinikuta palepale,
Jangwani na Kinondoni hazijaguswa,
na yeye ameshuka kijitini, anakula
hatua mbili kutoka kwenye kiatu changu,
mlango wazi nyuma yetu sote wawili.

Jioni Bi Ndeshi akamwaga miguu kwenye sinia.
Ya Feri tu. Haikujaza hata kiganja.
"Kulikuwa na nini?"
Mvua, nikasema.

Akageukia dirisha. Kipupwe, mbingu kavu kama sinia lake.
Mfukoni waya uliokatwa ulinichoma paja.
Akainamisha kichwa, akaandika:
mvua.