Aya ya Saba

Kyakimwa nilimkuta ghalani, Kasese,
miaka kumi na tisa mbele ya mizani moja,
anakula muhogo juu ya gazeti la juzi.
"Ndiwe wa mawakili?" Akanisogezea gunia.
"Keti. Kahawa haina kesi na mtu."

Nikawasha kinasa sauti. Akakitazama
kama mtu atazamavyo mbwa wa jirani.
Nikamwuliza tarehe, akanijibu mvua.
Nikamwuliza saa, akanijibu daraja:
"Asubuhi lilikuwapo. Jioni Nyamwamba umelibeba.
Lori la Thembo lilipita katikati ya hayo mawili."
Nikaandika: Aya ya nne. Mchana, tarehe kumi na moja Mei.
Mto mzima ukakauka kwenye karatasi yangu.

Akalitoa daftari la mapokezi,
limevimba kama mkate uliotoswa chaini.
"Mali bila daftari," alisema, hakumalizia.
Tukazibandua kurasa kwa ncha ya kisu,
yeye akivuta, mimi nikizuia pumzi:
magunia mia mbili na kumi,
dole gumba la dereva,
na pembeni, kwa penseli, neno moja:
mabichi.

"Mabichi?"

"Yalitoka kwenu yameshalowa.
Nilitia mkono hadi kiwikoni,
nikautoa unanuka chungu kilichosahauliwa.
Thembo hana kosa. Andika."

Nikaandika. Ilikuwa aya ya saba.
Nikamsomea yote kwa Lukonzo, hatua kwa hatua;
akasahihisha uzito wa gunia moja,
nusu kilo tu,
kisha akatia sahihi polepole
kama anayeshona kifungo cha shati la mtoto.

Usiku, hotelini, wakili wangu alisoma
viatu amevivua, miguu juu ya kiti.
Hakukasirika. Ningependa angekasirika.
"Hii ya saba haitusaidii," alisema,
na kalamu ikapita juu yake bila kishindo.
"Ukurasa wa sahihi uache. Huo uko peke yake."
Nikachapa upya.
Vidole ni vyangu, sivikani.
Nambari sikuzigusa. Kwa uchovu,
au kwa jambo jingine
ambalo hadi leo sijalipa jina.

Siku ya shauri, ukumbi ungali na mapambo
ya harusi ya Jumamosi, utepe wa zambarau dirishani.
Msuluhishi, Bi Adokorach, hasomi kwa macho tu;
kidole chake hushuka na mistari.
Nne. Tano. Sita.
Nane.
Kidole kikarudi juu. Kikashuka tena. Kikasimama.

"Shahidi, aya ya saba iko wapi?"

Feni ilizunguka. Thembo, upande wa pili,
alikuwa anahesabu vigae vya sakafu.
Kyakimwa hakumtazama msuluhishi.
Alinitazama mimi
kama autazamavyo mshale wa mizani
kabla haujatulia.