Verlene Stroud Mbele ya Kinasa Sauti

Zima kwanza. Haya, washa.
Nani alishinda? Sikumbuki.
Nakumbuka udongo mwekundu wa Karolina
ukimtoka Hoyt masikioni siku tatu,
na foronya niliyoifua hadi ikachanika.

Jumamosi usiku gari lilishusha gongo kutoka milimani,
taa zimezimwa, polisi nyuma.
Jumapili gari lilelile,
namba tumeichora kwa rangi ya viatu,
mlango umekazwa kwa mkanda wa suruali ya baba.

Vijana huja wakisema hakuwa na breki.
Uongo. Breki nilizifunga mimi
usiku ule, tochi nimeing'ata menoni.
Andika hilo.

Kona ya tatu...
Hapana. Kona ya tatu iache.
Kunywa kahawa, inapoa.

Na hicho kidude, bado kinazunguka?