Barua kwa Mwenye Jengo

Darasa letu liko Wadi Kabir, juu ya duka la matairi,
ghorofa ya pili, mlango wa chuma usioshikika mchana.
Agosti. Kiyoyozi kimekufa tangu Jumapili.
Mwalimu Rayya ameandika ubaoni neno moja, BALAGHA,
na kiganja chake chenye jasho kimeshalifuta nusu.

"Leo hatuzisomi mbinu," akasema. "Leo tunaziajiri.
Mwandikieni Bwana Zahor atengeneze hii mashine."

Sisi ni watu wazima. Kiswahili tulikirithi kwa masikio,
jikoni, kwenye ugomvi wa mashangazi na simu za msiba.
Kukiandika, tunakiandika
kama mtu aliyevaa viatu vya marehemu babake.
Mimi naendesha gari la maji. Mkono wangu unajua usukani;
kalamu huishika kama inataka kunitoroka.

Khalsa akaanza, hana haya:
"Bwana Zahor, humu ndani hata shetani kaomba likizo."
Tukacheka. Chuku hiyo, akasema Mwalimu,
mubalagha, ukitaka jina la mtihani.
Inachekesha, na tajiri akishacheka huona ameshalipa.

Muhenna akaleta tashihisi:
kiyoyozi kilikohoa siku tatu, kikaomba maji, kikakata roho
sote tukikitazama, asiwepo wa kukisomea Yasini.
"Nzuri. Ila sasa atakihurumia kiyoyozi."

Takriri alitufundisha kwa kupiga meza:
Tulilipa Mei. Tulilipa Juni. Tulilipa Julai.
"Mnasikia? Mara ya tatu si habari tena, ni nyundo."
Swali la balagha aliliandika, *Je, wewe ungekaa humu?*
kisha akalifuta mwenyewe.
"Swali lenye mlango wa nyuma. Atajibu: ningehama."

Nikauliza kwa nini tusimwandikie Kiarabu,
lugha ya mkataba na ya risiti.
"Kiarabu atampa karani.
Kiswahili hana karani wake.
Mamake kazaliwa Wete. Akiona *Ama baada ya salamu*
itabidi aisome mwenyewe, kwa sauti ya mtu asiyekuwepo."
Mbinu hiyo haina jina katika daftari langu.
Niliiachia mstari mtupu.

Bi Ghaniya alikuwa bado anaandika, herufi moja moja,
kama anayechambua mchele.
Alipoitwa akasimama, akasoma:

*Nina miaka sabini na moja.
Ngazi zako ni thelathini na nne.
Nimefika ukurasa wa kumi na tisa.
Ningependa kumaliza kitabu.*

Basi. Hakuna "kama", hakuna "mithili ya".
Chini, mashine ya matairi ikashusha pumzi.
Mwalimu akafungua mdomo atupe istilahi,
akaufunga.

Ndiyo tuliyoipeleka.

Jibu lilikuja siku ya nne, kwenye simu:
*Barua imepokelewa. Suala linashughulikiwa. Subira yenu inathaminiwa.*
Mwalimu akalinakili ubaoni neno kwa neno.
"Hii ni tasfida, mbinu ya mwenye funguo.
Linashughulikiwa na nani? Tazameni kitenzi:
kitendo kipo, mtu kajificha ndani ya *wa*."
Khalsa akasema hajawahi kuona herufi mbili
zikimficha mwanamume mnene vile.

Jumanne tukapanda tena, kila mtu na chupa yake ya maji.
Kiyoyozi kimya vilevile.
Lakini kwenye ngazi ya kumi na saba, penye kona,
tulikuta kiti cha plastiki,
kipya, bado kina karatasi ya bei: riyali mbili na nusu.

Bi Ghaniya akakizunguka. Akakikalia.
"Nimeomba kitabu," akasema, "kanipa kiti."
Akacheka mpaka akashika ukuta.

Hakuna aliyejua tumeshinda au tumeshindwa.
Mwalimu Rayya alisimama ngazi mbili juu yake, anapangusa shingo,
anahesabu kitu kwa vidole.
"Toeni madaftari. Hapa hapa, kwenye ngazi.
Barua ya pili. Anzeni na asante,
kisha wekeni nukta tatu..."