Maji ya Juu

Sampuli mia nne kumi na saba, kizibo cha njano,
imepanda mlimani saa mbili na robo
ndani ya kiboksi cha barafu kilichowahi kubeba chanjo.
Karani ameandika: mwanamke, miaka hamsini na sita, Igombe,
mkaushaji samaki.
Jina sikulisoma. Tumefundishwa tusisome.

Nikaitia kwenye mashine ya kuzungusha.
Dakika kumi inalia kama kinu cha unga,
kisha kimya. Nafungua:
kizito kimezama, chekundu, kimetulia kama tope la ufukweni;
juu yamebaki maji, rangi ya mafuta ya alizeti.

Damu ni nzito kuliko maji, walisema.
Hawakukosea. Ila hakuna aliyeniambia
kwamba ushahidi hutolewa na maji.

Maana tumbo lina aibu.
Miaka mitano linaungua, linasema ni vidonda tu,
ni chumvi ya dagaa, ni moshi, ni ugali wa jana,
linanyweshwa magadi, linanyamaza.
Lakini kuta zake zikianza kuchakaa
ile pepsinojeni inayovuja kidogo kidogo damuni
hupungua, hupungua,
kama bidhaa kwenye rafu za duka
kabla mwenyewe hajakiri kwamba amefilisika.

Saa saba karatasi ikatoka.
Namba ya kwanza chini. Uwiano wake chini zaidi.
Ya tatu, ile tunayopenda ilale, imesimama wima.
Nikageuza fomu nitafute pa kutia sahihi,
jina likanitazama:
Minza Lugwisha.

Shangazi.
Aliyenilipia ada ya kidato cha tano
kwa noti zilizonuka moshi hata mhasibu akafungua dirisha.

Nikapima tena.
Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa
niliiombea mashine yangu ubovu.
Mashine ni nzima.

Alhamisi akaja, akakaa benchi la nje,
kanga ameifunga mara mbili kiuno kilichopungua.
"Imesema nini?"
Haikati hukumu, shangazi. Inanyoosha kidole tu.
Wataingiza kamera, watakata kinyama, ndipo tujue.
"Na siku zangu, imezihesabu?"

Nikatazama mawe, yalivyobebana juu ya maji.
Kuna vipimo vingine, nikasema. Kwa wanawake mia
vitataja wangapi watavuka mwaka wa tano.
Kwa mmoja, vinagugumia.

Akacheka, akashika ubavu.
"Kumbe ni kama mnadani.
Wanajua jumla ya tani,
hawajui samaki wangu yupi ataoza."

Kisha akakunja mkono wa gauni, ule mwingine.
"Chukua tena. Huu wa kulia ndio uliobeba mabeseni,
huenda umesikia mengi."

Nikafunga mpira.
Mshipa ukajitokeza upesi,
kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina.