Nukta Mbili

Barua ya Chisinau ilifika Jumatatu:
maktaba yetu imefunguliwa milango kumi na minne,
kanzidata za uchumi wa dunia, biashara, maendeleo ya jamii,
bure kwa mwaka mmoja, tia sahihi hapa, na hapa.
Milango kumi na minne! Na huu mmoja tulio nao
kila majira ya baridi naufungua kwa teke.

Nywila nikaiandika kwenye kadi,
nikaibandika chini ya kibodi, pale mwizi anapotazama kwanza.
Lakini mwizi gani? Nani aibe
majedwali ya biashara ya nje, toleo lililosahihishwa?

Jumatano akaja Trifon Lupascu, kofia mkononi.
Hajakanyaga humu tangu binti yake Eufrosina
alipokuwa akiazima vitabu vinne vinne.
Akaweka jozi mezani,
si jozi ya viatu, jozi ya kula, mbili,
bado zina unyevu wa Oktoba.
"Agafia, wanasema mashine yako inajua bei.
Iulize hizi huuzwa ngapi huko ziendako.
Yule wa lori hunipa anachotaka,
nami hupokea anachotaka."

Nikaiuliza. Nayo ikaniuliza:
nchi ipi, mwaka upi, zenye ganda au zilizomenywa,
kwa thamani ya leo au ya wakati ule?
Trifon akacheka: "Hata padri hahoji hivi."
Kisha jedwali likashuka, naye akaacha kucheka.
Akahesabu kwa penseli pembeni mwa gazeti,
akafuta, akahesabu tena.
Kati ya kiganja chake na duka la Hamburg
bei imepanda ngazi sita.
"Ya kwanza ni mimi," akasema.
"Ndiyo inayokanyagwa na kila mtu."

Nilidhani ataondoka.
"Na watu je, wamo?"
"Watu gani?"
"Waliotoka."

Nikafungua mlango wa tisa:
fedha zitumwazo na walio ng'ambo.
Mstari ulikuwa unatambaa, mara ukainuka.
Akaugusa kwa ukucha mweusi wa maganda,
akaacha alama kwenye kioo.
"Hapa. Mwaka huu Eufrosina alipanda basi la Padova.
Unaona ulivyopanda?"
Sikumkosoa.
Mtoe Eufrosina, mstari utashuka
kwa kiasi ambacho penseli haiwezi kukichora,
lakini utashuka.

Chini kabisa, safu ya mwisho:
saa za kuuguza na kulea zisizolipwa.
Kwetu palikuwa na nukta mbili tu.
"Hizi nini?"
"Tanbihi inasema: takwimu hazipatikani."
Akazitazama muda mrefu.
Kule Padova binti yake humlisha supu
mama wa watu, kijiko kwa kijiko,
na kila kijiko kina saa, saa ina mshahara,
mshahara una mstari.
Hapa, nyumba ya tatu kutoka kisimani,
Trifon humlisha Zinovia, mwaka wa nne sasa,
supu ile ile, kijiko kile kile,
na dunia nzima imeandika nukta mbili.

Akaomba ukurasa mmoja, ule wa bei.
Wino ulikuwa umekaribia kwisha, ukatoka wa kijivu,
akaukunja ndani ya kofia.

Ijumaa lori lilikuja.
Nasikia dereva aliusoma wote, akasifu karatasi,
akaongeza bani hamsini kwa kilo.
Hamsini! Trifon alinipigia simu kunijulisha,
sauti yake sijui ilikuwa ya shangwe au ya nini,
nyuma yake kijiko kikigonga bakuli.

Jozi moja nimeivunja, nimeila.
Ya pili ipo juu ya kompyuta, inakauka.
Jioni, kabla ya kufunga, naingiza nywila,
nafungua ile safu ya mwisho.
Sitafuti kitu.
Natazama tu kama kuna aliyekuja kuandika.