Gari Lisilopiga Hodi

Macho yangu yaliondoka na surua
mwaka ule nilipong'oka meno ya mbele.
Meno yalirudi.

Tangu hapo njia ya Limbani naijua kwa masikio.
Lori la Kombo hukohoa kabla ya kona.
Vespa ya mwalimu Hamad ina njuga mahali ndani
ambayo mafundi watatu wameitafuta, hawakuipata.
Gari la ng'ombe la kina Faki hulia mhimili
tangu huko Jadida: nikilisikia nina wasaa
wa kumaliza kuchambua pishi ya karafuu,
kujifuta mikono,
na kuvuka kwa madaha kama biharusi.
Hata baiskeli ina adabu.
Kengele ikiharibika, mwenyewe husema kwa mdomo: njia, njia.

Msimu uliopita Shaame, mwana wa kaka yangu,
alirudi kutoka Maskati akaagiza gari.
Walisema jeupe. Walisema la Kijapani,
linakunywa petroli kama paka anavyolamba maziwa,
kilichobaki linajiendesha kwa umeme.
Watoto walikwenda kulishika. Nami nikalishika:
baridi, laini, changu aliyekwisha kuparwa magamba.
"Sikiliza, Shangazi Mize. Nimeliwasha."
Nikasikiliza. Nikamsikia kuku wa jirani.
Nikamsikia Shaame amebana pumzi, anangoja nishangae.
"Sijasikia kitu."
"Ndiyo hivyo!" Akacheka. "Raha tupu."

Raha ya nani, siku hiyo sikuuliza.

Ijumaa, watu wametoka msikitini,
mikeka ya karafuu imetandazwa mpaka juu ya lami.
Nilisimama ukingoni. Nikasikiliza kushoto,
nikasikiliza kulia.
Njia ilikuwa imelala.
Nikatia mguu.

Kach.

Kach, kach, karafuu kavu chini ya mpira,
na harufu ikanipanda puani kabla ya woga.
Nikarudi nusu hatua.
Upepo ukalishika pindo la kanga yangu, ukaliachia.

Nusu hatua. Simama uipime mwenyewe.

Mwenye mkeka alitukana mpaka laasiri,
na haki yake: pishi mbili zimekuwa unga.
Shaame akashuka na sauti ya yule mtoto
niliyekuwa nikimkosha kisimani.
"Shangazi, sikukuona."
"Mwenye macho ni wewe," nikamwambia.
"Mimi sikukusikia."

Ndipo akakiri. Gari lina sauti yake,
limezaliwa nayo. Likienda polepole huvuma,
waliolitengeneza walilifunza hivyo.
Ila kuna kitufe.
Na siku ya harusi ya Rukia, wanawake wa kiti cha nyuma
walisema linalia kama jini mwenye mafua,
akakibonya.

"Kibonye tena."

Mmmmm.
Mwanamke anashona, sindano ameibana midomoni,
ana neno, hawezi kulisema.
Si sauti nzuri.
Hodi nayo si wimbo.
Hodi ni kumpa mtu nafasi ya kujifunika,
ya kuvuta mguu, ya kusema ngoja.
Kwetu hata mwenye nyumba akirudi kwake usiku
hukohoa mlangoni.
Nani basi amekipa chuma ruhusa
ya kuingia kimya
kama mwizi, kama mauti?

Msimu mzima alipita akivuma.
Watoto waliuiga mvumo huo hata chuoni, wakachapwa.
Mimi nilikuwa nikiitika "karibu" kwa mazoea,
nalo likipita zake.

Kisha akaliuza. Mtu wa Unguja, wa Mwanakwerekwe,
penye watu wengi kuliko karafuu mkekani.
Nilimwambia amweleze habari ya kitufe.
Anasema amemweleza.
Sijui.

Mikeka imekunjwa sasa, lami ni tupu.
Wanasema meli imeshusha mengine matatu Mkoani.
Nasimama ukingoni, nasikiliza kushoto,
nasikiliza kulia,
na ukimya, ambao zamani ulikuwa ruhusa,
nauuliza kwanza:
nani?